Magunia Mazito ya Sapiwi

Siku ya mnada Bariadi hakuna mtu mpole. Ng'ombe wanapiga kelele, wauza dawa za minyoo wanapiga kelele kuwashinda ng'ombe, na vumbi linatimka mpaka mate yanakuwa na ladha ya udongo. Katikati ya vurugu hiyo kijana mmoja mrefu, mweusi wa kung'aa, alisimama mbele ya turubai la mitumba akiwa amevaa koti la kijivu lililombana kiunoni. Alikuwa amependeza, machoni pake mwenyewe.

"Hili ndilo langu," alisema. "Si limenikaa?"

Nyamizi, mwenye turubai, aliuma mdomo asicheke. Siku hiyo alijifunga kanga juu ya sketi ndefu, kilemba chekundu kichwani, na miguuni kandambili zilizoliwa visigino.

"Limekukaa, kaka. Ila tazama vifungo vilipo."

"Vina nini?"

"Viko upande wa kike. Hilo koti la mama wa watu."

Waliokuwa wakichambua nguo wakaangua kicheko. Kijana hakulivua. Alilifunga kifungo cha mwisho na kujishika kiuno.

"Basi nifungie. Mimi naitwa Constantine, naendesha lori la pamba."

"Utalivaa wapi, Constantine?"

"Sitalivaa. Lakini nikilivua sasa hivi nitakosa sababu ya kuendelea kusimama hapa."

Mapenzi yalianza hapo, kwa utani. Nyamizi aliporudi chumbani kwake jioni hiyo alijikuta akitabasamu peke yake, kisha tabasamu likamkauka, kwa sababu alikumbuka kilichomleta Bariadi.

Hakuja kuuza mitumba. Nyamizi, binti wa wakulima wa pamba wa Mwanhuzi, alikuwa askari wa wanyamapori. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, ushirika umeyumba na kampuni za watu binafsi zimejaa mjini, kila moja na mizani yake na malori yake. Pamba ilitoka kwa wingi, na ndani ya pamba kuna mtu alikuwa akitorosha meno ya tembo waliouawa kwenye pori la akiba. Lori gani, la nani, hakuna aliyejua. Mkuu wake wa kazi, Boniventura, alimweka sokoni akae, auze, asikilize. Mtu aliyetangulia kufanya kazi hiyo aliokotwa maiti kando ya mto Simiyu, na Nyamizi alikuwa miongoni mwa waliomwosha. Tangu siku ile hakuweza kulala akiwa ameupa mlango mgongo.

"Usimwamini mtu," Boniventura alimwambia. "Hasa atakayekuchekesha."

Loo, rahisi kusema. Constantine alikuwa anachekesha hata akiwa kimya. Kila alipotoka safari alipitia turubaini, mara na muwa, mara na samaki, mara na maneno matupu. Simu za mkononi ndiyo kwanza zimefika Bariadi, na yeye alikuwa nayo moja nene kama kipande cha sabuni. Akiwa njiani alimbipu Nyamizi, aliyepewa yake na Boniventura kwa ajili ya kazi, kumjulisha kwamba anamuwaza, na mtandao ukiwa mzuri alipiga kabisa.

"Umefika wapi, mpenzi?" Nyamizi alikuwa akiuliza.

"Nipo Dutwa. Umenimisi?"

"Nani akumisi wewe? Nimemmisi utingo wako."

"Utingo wangu ana wake wawili, mama. Utakuwa wa tatu."

Akikata simu, Nyamizi alibaki na aibu. Lile swali la umefika wapi lilikuwa la mpenzi, na lilikuwa la askari pia. Alijua ni lori lipi limepita wapi, lini, na nani. Alimpenda yule mtu na alimchunguza, na kikulacho ki nguoni mwako. Safari hii kikulacho kilikuwa yeye.

Alhamisi moja mchana Constantine alikuja, akakaa juu ya belo la nguo, simu ikalia. Aliinuka, akazunguka nyuma ya kibanda cha jirani. Nyamizi alikuwa upande wa pili wa bati akitundika mashati. Hakukusudia kusikia. Au pengine alikusudia, hata mwenyewe hakujua tena.

"Usiogope," Constantine alikuwa akinong'ona. "Yale magunia mazito nimeyalaza chini kabisa, nimeyafunika kwa mengine. Hakuna atakayeyaona. Ndiyo, kesho naondoka nayo. Usimwambie mtu, nitafungwa mimi na wewe."

Mkono wa Nyamizi uliganda juu ya shati. Alilishusha, akaanza kulikunja. Constantine aliporudi alimkuta anakunja nguo iliyokwisha kukunjwa.

"Ulikuwa unaongea na nani, mpenzi?"

"Kampuni tu," alijibu bila kumtazama. "Mambo ya mzigo."

Uongo wa mtu umpendaye unaujua hata kabla hajafunga mdomo. Nyamizi alimtazama akienda zake, shingo ile aliyoizoea, mwendo ule wa kujidai. Alitamani kumkimbilia na kumwambia tupa mzigo huo, kimbia. Akamkumbuka yule wa mtoni. Jioni hiyohiyo alimpigia Boniventura, akataja namba ya lori, na sauti yake mwenyewe akaisikia kama ya mtu mwingine.

"Umefanya vizuri," Boniventura alisema. "Hata sisi tumesikia kuna mzigo unatoka Sapiwi kesho. Vijana watamsubiri kabla ya Lamadi, kule kwenye vichaka. Wataweka gogo barabarani. Akijaribu kupita, watapiga risasi. Majangili hao mara ya mwisho walitangulia kupiga wao."

Nyamizi hakulala.

Ijumaa lori lilitoka jua likiwa utosini. Constantine alipita na honi mbili, kama kawaida yake, akapunga mkono. Nyamizi alipunga pia. Jamani, mkono huo uliopunga alitamani kuukata. Alikaa juu ya belo lake akingoja mtu afe, na wateja wakimuuliza bei alijibu chochote.

Hapo ndipo alipotokea Felisita, shangazi yake Constantine, mjane wa Sapiwi, amebeba kuku kwapani. Nyamizi alipiga goti, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayo."

"Mwadila, ng'wanone. Inuka, inuka." Mama yule alimpa kuku, akainama karibu na sikio lake. "Huyu ni wenu. Wewe na mume wako. Ametusitiri."

"Amewasitiri na nini, shangazi?"

"Hajakwambia? Mtoto yule ana siri." Felisita alitazama huku na huku. "Mwaka huu pamba ilikuwa kidogo. Nikaweka mchanga kwenye magunia yangu yapate uzito. Dhambi, najua, lakini nani haweki? Halafu nikaogopa. Kule jineri, kiwandani pamba inakochambuliwa, wanachoma kila gunia kwa chuma kirefu, na jina langu limeandikwa. Jana nikaenda kwa mwenye duka, nikampigia mwanangu nikilia. Akaniambia usiogope, nimeyalaza chini kabisa."

Nyamizi alimweka kuku chini. Mchanga. Alikuwa amempeleka mtu kwenye mtutu wa bunduki kwa ajili ya mchanga wa shangazi yake.

Lakini Boniventura alisema mzigo wa meno unatoka Sapiwi leo. Akili yake ilianza kwenda mbio.

"Shangazi, pale kwenye mizani ya kijijini, hawakuyachoma?"

"Mashimba? Mnunuzi wetu yule hachomi magunia. Chuma chenyewe hakitaki karibu na ghala lake. Mtu wa huruma sana. Na leo kapanda lori mwenyewe, mahali pa utingo, kasema anasindikiza mzigo."

Nyamizi alizaliwa ndani ya pamba. Tangu akiwa mtoto hakuwahi kumwona mnunuzi asiyechoma gunia, awe wa ushirika au wa kampuni. Asiyechoma atapakia mawe na maji mpaka afilisike. Mnunuzi anayekataza chuma kuingia ghalani ana kitu ambacho hataki chuma kikiguse. Na mtu huyo alikuwa amekaa kando ya Constantine, bega kwa bega, bila shaka na silaha, na Constantine hajui lolote.

Alimpigia Boniventura. Haipatikani. Alipiga tena, haipatikani. Wako vichakani, na vichakani hakuna mtandao.

Ilibaki namba moja. Akiipiga amevunja kiapo. Na kama amekosea, kama Constantine anajua na hiyo habari ya mchanga ni kifuniko tu, basi wenzake wanakufa leo kwa mdomo wake. Alibonyeza.

"Mpenzi wangu mwenyewe," Constantine alipokea. "Leo umepiga bila kubipu. Umeokota vocha?"

"Uko na nani?"

"Niko na Mashimba hapa, anakusalimu."

"Cheka."

"Nini?"

"Cheka kama nimekutania. Halafu usiseme neno mpaka nimalize."

Akacheka. Kicheko kilikuwa kikavu, lakini kilikuwa kicheko.

"Ndani ya magunia yenu mna meno ya tembo. Ni ya huyo aliyekaa na wewe. Mimi ni askari wa wanyamapori, Constantine. Mbele yako kuna gogo barabarani na wenzangu wamejificha. Usijaribu kulipita. Simama, zima gari, lala chini ya usukani. Wakikwambia utoke, toka na mikono juu. Umenielewa? Cheka tena."

Nyamizi alisikia ngurumo ya injini, na kwa mbali sauti nzito ya mtu ikiuliza, "Anasemaje shemeji?"

"Anataka sato wa Lamadi," Constantine alijibu. Sauti yake ilitetemeka mwishoni, akaifunika kwa kikohozi. "Wanawake bwana, ukiwapa simu wanakutuma."

"Mpelekee mkubwa," ile sauti ilisema.

"Mpenzi," Constantine alirudi kwenye simu, taratibu sana. "Kwa hiyo siku zote hizi?"

"Ndiyo. Siku zote."

"Haya. Nimekusikia."

Simu ikakatika. Felisita, aliyekuwa amesikia kila neno, alikaa chini kwenye vumbi na mikono kichwani. Walikaa hivyo mpaka basi la kutoka Lamadi likaingia stendi, abiria wakishuka na habari zao: risasi zimelia, lori la pamba limetobolewa, kuna mtu amelala chini na damu. Mmoja alisema ni dereva. Mwingine alisema hapana, ni yule mwingine. Nyamizi alimshika yule wa kwanza kola ya shati na kumuuliza mara tatu alivaa nini huyo aliyelala, na mtu yule hakukumbuka.

Jua lilikuwa linazama Boniventura alipofika, viatu vimejaa vumbi.

"Mashimba alifyatua kwanza," alisema. "Tumempiga mguu. Meno tumeyakuta. Dereva mzima, alilala chini ya usukani kabla hata hatujajitokeza. Tumemweka ndani. Nataka anieleze alijuaje."

"Nilimwambia mimi."

Boniventura alivua kofia, akajifuta vumbi usoni. "Kama ungekuwa umekosea, leo ningekuwa nazika vijana wangu."

"Najua, afande."

"Huwezi kubaki Bariadi. Na huko utakakopelekwa, hakuna mtu wa kuambiwa. Wenye mzigo hatujawapata. Tumempata mbebaji tu."

Constantine alikaa mahabusu mpaka maelezo yakalingana, akatolewa kuwa shahidi. Hakupiga simu. Hakubipu. Nyamizi alijiambia ndiyo malipo yake, akafunga virago.

Asubuhi ya kuondoka alikuwa stendi, gauni la bluu na viatu vya kufunga, Felisita pembeni yake akimshikia kikapu. Basi lilikuwa limeanza kunguruma pale Constantine alipotokea kati ya watu, amekonda, ndevu hazijanyolewa.

"Ulidhani mimi jangili," alisema, bila salamu.

"Nilidhani."

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza. Ukasema ni kampuni."

Alitazama chini. Felisita naye alitazama kuku wa watu.

"Kila uliponipigia ukaniuliza nimefika wapi," Constantine alisema, "ulikuwa unauliza wewe au serikali?"

Angeweza kumdanganya, na lingekuwa neno tamu. "Wote wawili," Nyamizi alijibu. "Serikali ikishapata jibu ilikuwa inakwenda kulala. Mimi nilikuwa nabaki macho mpaka ufike."

Constantine alipangusa uso kwa kiganja. "Mashimba ana ndugu zake. Jana wamepita kwetu kuuliza habari zangu. Naogopa, Nyamizi. Sikuwahi kuogopa hivi. Unakwenda wapi?"

"Nimekatazwa kusema."

"Basi usiseme."

"Liwale," alisema Nyamizi.

Neno lilipotoka tu alimwona mwanamume mmoja mwenye kofia ya pama, hatua chache nyuma yao, akigeuza kichwa. Labda alikuwa anatafuta basi lake. Labda alikuwa anamtafuta mkewe. Mwanamume yule aliwatazama, akatazama pembeni, akakaa palepale. Constantine naye alikuwa amemwona.

"Unamjua?" Nyamizi alinong'ona.

"Simjui."

Kondakta alipiga ubavu wa basi kwa kofi. Nyamizi alikamata mkono wa Constantine, si kwa kuaga.

"Panda."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Ukibaki hapa kila siku nitakuwa najiuliza kama bado uko hai, na sina nguvu hiyo tena. Nimekwisha. Panda."

"Sina hata shati la kubadilisha. Na kwenu sijajitambulisha, baba yako hajaniona sura."

"Nakupenda, Constantine. Panda basi."

Alimtazama, akamtazama tena yule wa kofia, kisha akamgeukia shangazi yake.

"Shangazi, mwambie mama nimekwenda kuoa."

"Bila ng'ombe?" Felisita aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Ng'ombe watafuata Mwanhuzi."

Walipanda. Kiti kilikuwa kimoja, wakabanana. Basi liliondoka stendi, na hakuna hata mmoja wao aliyethubutu kugeuka nyuma kuona kama yule mwanamume naye amepanda. Mkono wa Constantine ulikuwa ndani ya mkono wa Nyamizi, au wa Nyamizi ndani ya wake. Hawakuweza kujua ni upi ulioushika mwenzake, na hawakuachiana.