Mwindaji Mpya Anachoka

Yaliyompata mdogo wangu Hilaire yalianza kwa ubishi wa mchezo wa televisheni, na mpaka leo wako watu hapa Kalembe wanaosema hakuna kilichompata. Siwalaumu. Hata mimi ningependa kuwa miongoni mwao, angalau nipate usingizi.

Ilikuwa siku ya soko, mchana, mvua imetupumzisha kidogo. Hilaire alikuwa na nyumba ya michezo kando ya barabara, ya mbao, yenye televisheni moja, mashine moja ya kuchezea, na betri zilizolishwa na paneli za jua juu ya bati. Mimi, Mamy, nilikaa mlangoni, mtoto mgongoni, nachajia watu simu na kukaanga mandazi. Waliokuwa ndani si watoto. Ni watu wazima wenye ndevu zao na mashamba yanayowangoja, na siku hiyo walikuwa karibu kupigana kwa sababu ya Mwindaji.

Mwindaji ni mwanamke wa ndani ya mchezo, anayepita misituni na mapangoni akitafuta mji uliopotea. Kwa miaka walicheza ule wa zamani hadi vitufe vya maneti, vile vishikio vya kuchezea, vikafutika alama. Kisha Hilaire akaleta kutoka Goma toleo jipya. Jina lile lile, mwanamke yule yule, lakini walioutengeneza walikuwa wameianza hadithi upya tangu mwanzo, kana kwamba ile ya kwanza haikuwahi kutokea. Tangu siku hiyo amani iliondoka ndani ya nyumba.

Karangwa, muuza jibini wa Karuba, alishikilia lile la zamani. Mwindaji wake aliruka bonde bila kuhema, alibeba silaha zote mgongoni, na akianguka aliinuka bila hata vumbi. Huyu mpya husikia baridi. Ukimbebesha mzigo anapunguza mwendo. Ukimkimbiza anashika magoti, na pumzi yake inajaa nyumba nzima. Wengine walilalamikia ramani iliyofichwa na magogo ya kuruka kila hatua. Hilaire alikuwa upande wa jipya, akasema lile la zamani ni la kupitisha saa tu, ukimaliza hukumbuki kitu.

"Kama ningetaka kuangalia muntu anachoka," Karangwa alimjibu, "ningebaki kwetu."

Tulicheka wote. Kati ya Masisi na Walikale, nani asiyejua kufunga godoro kichwani na kutembea? Tumekimbia, tumerudi, tumekimbia tena, mpaka siku hizi tukisikia milio ya bunduki hatuulizi hata ni nani. Tunauliza tu kama ugali umeiva.

Mtu ambaye angemaliza ubishi ule hakuwepo. Ni Jérémie, mwana wa jirani yetu Mama Léontine. Yeye ndiye aliyekuwa amefika mbali kuliko wote katika mchezo mpya, na alikuwa na neno moja tu juu yake: kwamba huyu mwanamke anatembea kama watu wanavyotembea. Kisha akabeba mizigo ya wafanyabiashara kuingia porini, njia ya kwenda machimbo ya Bisie, kama wabebaji wengi. Wenzake walisema alisimama nyuma kidogo, kwenye mvua, akaze kamba ya mzigo. Walipogeuka hawakumwona. Waliita, wakatafuta, wakarudi kutafuta tena. Mwishowe familia ilichoka kungoja.

Kwetu, mtu aliyepotea porini na mwili wake haukupatikana, tunamzikia mgomba. Linakatwa shina la urefu wake, linafungwa katika blanketi lake, linalala kaburini badala yake. Katekista Polycarpe alisali sala zake zote, akafunga kitabu, akasogea pembeni kuangalia milima wakati wazee wanafanya ya kwao. Hakuona kitu, na hakuna aliyemwambia.

Baada ya hapo kuna miiko, na kila mtu anaijua. Vitu vyote vya aliyezikiwa mgomba vinagawiwa ama vinachomwa, asiwe na cha kurudia. Na jina lake haliitwi. Akirudi mzima, anasimama nje ya uzio mpaka mgomba ufukuliwe, ndipo anaitwa aingie. Ukimwita kabla, atakuja, lakini atakuta nafasi yake imejazwa na ule mgomba. Basi atachukua ya mwingine.

Waligawa nguo zake. Walichoma godoro. Sahani yake ilivunjwa, simu akapewa mjomba. Hakuna aliyefikiria parti yake, pale ndani ya mashine ambapo mchezo ulimtunzia alipoishia, jina lake limeandikwa juu. Nani angeifikiria? Kitu cha marehemu, kwa akili yetu, ni kitu unachoweza kukishika.

Siku ile ya soko, Karangwa alisema amesikia kwa watu wa Goma kwamba mwisho wa mchezo mpya ni wizi mtupu, unachoka njia nzima na hufiki popote. Hilaire akasema huwezi kuhukumu mwisho usiouona. Kuufikia kwa parti yake mwenyewe kungechukua majuma. Akafungua ya Jérémie.

Mwindaji alikuwa ameketi chini ya mti, ameegemeza mgongo. Katika parti za wengine, ukimwacha bila kumgusa anasimama akisugua mikono. Huyu aliketi. Hilaire alibonyeza, akabonyeza tena. Baadaye akainuka polepole, kama mtu aliyeamshwa, akaanza kwenda. Alikuwa anaburuta mguu mmoja.

Wale wanaume walisifu. Walisema hapa kweli walioutengeneza wamefanya kazi, tazama mguu, tazama matope. Tazama msitu wenyewe. Majani yalikuwa yale mapana ya kufungia chikwange, mkate wetu wa mihogo. Kwenye tawi ilining'inia kamba ya kipajini, ya kubebea mzigo, imekatika. Mtu mmoja aliuliza Wazungu wameijulia wapi kamba ile. Mimi nikageukia mandazi yangu, yalikuwa yanaungua.

Kuanzia hapo Hilaire hakucheza parti nyingine. Alikuwa akifungua asubuhi, anakaa kwenye kiti cha mbele, na Mwindaji anatembea. Hakupigana na mtu. Hakutafuta mji wowote. Mshale wa mchezo ulielekeza kushoto, yeye alikwenda kulia. Wachezaji walianza kuchoshwa na matembezi yasiyokwisha, wakasema Karangwa alikuwa na haki, wakaanza kupungua. Mdogo wangu hakujali. Alikuwa anakonda. Alikula sahani yake na yangu, na bado alikonda. Akiinuka kitini alishika magoti kwanza. Siku moja nilimwona anavuka barabara kwenda kununua sabuni, na alikuwa anaburuta mguu.

Nilimwambia aache. Nilimsihi, nilimtukana, nilificha maneti chini ya unga, akayapata. Tumebaki wawili kwa mama yetu, sikuwa na ndugu mwingine wa kupoteza. Hilaire alinitazama kwa macho ya mtu aliyetoka safari.

"Anakuja nyumbani, Mamy," alisema polepole. "Siwezi kumuacha mu njia."

Maneno hayana mlango. Mama Léontine alisikia.

Alifika mchana, mvua ya milimani imeshuka na ukungu umefunga barabara, ndani mna giza kiasi cha kuwasha taa. Hakuwa amewahi kuingia mle. Hakutazama hata televisheni. Alisimama katikati ya nyumba, kitenge kimelowa, akasikiliza. Pumzi ilitoka kwenye spika, nzito, yenye kukwaruza kidogo mwishoni.

"Hii pumzi iko ya mutoto wangu," alisema.

Hilaire hakugeuka. Kwenye kioo msitu ulikuwa umekwisha. Mwindaji alikuwa anashuka kilima, na ng'ambo ya kilima kulikuwa na mashamba ya mihogo, na barabara, na mabati. Niliyajua mabati yale. Moja lilikuwa na paneli zetu juu yake.

Nilimshika Mama Léontine mkono. Nilimwambia mgomba bado uko chini, tuwaite wazee, tuufukue kwanza, siku moja tu. "Usimwite, mama. Nakuomba. Usimwite."

Aliuchomoa mkono wake bila hasira. Alikuwa amechoka, mama wa watu, kuliko mimi.

"Wewe uko na wako, Mamy," alisema. "Acha mimi niite wangu."

Akamwita. Mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama anamwita kula.

Mwindaji akasimama. Pumzi ikakatika. Mvua ikaendelea juu ya bati.

Kisha mlango ukagongwa.

Hilaire akainuka. Alikwenda kufungua. Nje palikuwa na ukungu tu. Alitoka, hatua chache, hadi sikumwona.

Akarudi. Alikuwa amelowa kama mtu wa siku nyingi mvuani. Hakuburuta mguu tena. Alinipita. Alipiga magoti mbele ya Mama Léontine, akamshika miguu.

"Mama," alisema. "Nimefika."

Mwili ni wa mdogo wangu. Nimemlea, naujua. Lakini anaishi kwa Mama Léontine, analala pale, anamlimia mihogo. Anajua kisima cha zamani cha ukoo wao. Hajui jina la baba yetu. Nikipita ananisalimia, "Habari ya mchana, dada," kwa adabu ya jirani, na nikimwita Hilaire hageuki.

Wazee walifukua kaburi kwa kuchelewa. Blanketi lilikuwa pale limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, kama linavyokunjwa na mtu anayeamka. Ardhi ilikuwa maji matupu, lakini blanketi lilikuwa kavu. Mgomba haukuwepo. Walifukia shimo, na Polycarpe, safari hii, hakuangalia milima.

Watu wana maoni yao, kama walivyokuwa nayo juu ya mchezo. Wako wanaosema huyu wa sasa ni bora, anafanya kazi, hapotezi mchana mbele ya kioo. Wako wanaosema ni huzuni tu, na mama mwenye huzuni apewe mtoto, kuna ubaya gani? Karangwa pekee alikuja kuniaga, akasimama mbali na mlango.

"Sura iko ile ile, jina ile ile," alininong'oneza. "Lakini wameanza muntu upya, dada. Na ule wa kwanza, wamemutia wapi?"

Akaenda zake. Hajapita tena, jibini siku hizi analeta mwingine.

Nami nifanye nini? Siwezi kulia matanga, maana marehemu wangu anapita barabarani na jembe begani. Siwezi kumzikia mgomba. Nikienda kwa wazee wananiambia nishukuru, wangapi wamepata hata hicho?

Basi nimebaki na mashine. Nimefunga biashara, lakini mchana naiwasha. Mimi si mchezaji, nashika maneti kama nashika mtoto wa mtu. Parti ile bado ipo na jina juu yake halijabadilika. Mwindaji yuko ndani ya msitu tena. Hasugui mikono. Akisimama, anavuta vidole vyake kimoja kimoja hadi vilie, jinsi Hilaire alivyovivuta tangu utoto, mama akimgombeza mezani. Anakwenda. Kila siku miti inasongamana zaidi, na kila siku anaketi mara nyingi zaidi.

Ningeweza kumwita. Naijua sasa njia ya kumrudisha, si ngumu, ni neno moja tu. Ila atakapogonga, ndani ya nyumba hii hakuna mwingine wa kumfungulia isipokuwa mimi. Nina binti anayenyonya.

Juma lililopita mawingu yalikataa kuondoka na betri zikafa kabisa. Niliingia kufagia. Televisheni ilikuwa imezimwa, waya umelala sakafuni. Kwenye kioo kulikuwa na ukungu, duara moja dogo, ule unaoachwa na pumzi kwenye kitu baridi. Niliufuta kwa kitenge. Haukutoka. Niliufuta tena. Ulikuwa upande wa ndani.

Ulipungua, ukajaa, ukapungua.

Tangu hapo ananiita yeye. Mchana, watu wakipita barabarani, mahindi yakiwa jikoni. Ananiita kwa jina, taratibu, bila haraka. Mimi nambeba mtoto, natoka nje, nakaa juani na wenzangu, naziba masikio kwa stori zao. Lakini ni mdogo wangu. Anasikia baridi kule, na mimi pia nimechoka.

Siku moja nitaitika.