Wagonjwa Ambao Hawajazaliwa

Kila asubuhi ya Ramadhani ile, Mehrunnisa alikuta programu aliyoisahihisha jana imeharibika tena. Miaka aliyoiandika kwa tarakimu nne ilikuwa imerudi kuwa mbili, na kompyuta ilinuka nywele zilizoungua. Mwaka 2000 ulikuwa mlangoni, kompyuta za tarakimu mbili zingeusoma kuwa 1900, na kazi ilikuwa ya hospitali moja ya Hyderabad, ambako bibi yake, Khairunnisa, alikuwa akipelekwa kila wiki kusafishwa damu kwa ajili ya figo.

Mkuu wake, Prabhakar, alichoka na malalamiko. Alimwamuru atumie njia ya mkato ya mafundi wote wa mjini: mwaka wowote wa tarakimu mbili ulio chini ya thelathini uhesabiwe kuwa wa karne ijayo.

"Na wazee waliozaliwa ishirini na moja, bosi?"

"Wamebaki wangapi, dada? Maliza, ukafuturu."

Ameumbwa na haraka mwanadamu. Shetani humchosha kwanza, kisha humwonyesha njia fupi. Mehrunnisa akamaliza.

Programu haikuharibika tena. Harufu ndiyo iliyohama. Aliikuta nyumbani, kitandani kwa bibi yake. Mzee akasahau jina la marehemu mumewe, kisha akasahau kutembea, na alasiri moja, jua likingali kali uani, kikamtoka kinywani kilio cha mtoto mchanga, chembamba, kisicho na pumzi, na chini ya kilio hicho sauti nzito ya kiume iliyokuwa ikihesabu umri wake kurudi nyuma, taratibu, ikionja kila mwaka kabla ya kuumeza.

Maulvi Qutbuddin, shehe aliyeitwa kumsomea mzee, alisoma Ayatul Kursiyyu hadi jasho likamlowesha ndevu. Jini likacheka.

"Sikuvunja mlango. Mjukuu kaandika mwenyewe kwamba huyu wa 1921 atazaliwa 2021. Nani anamlinda ambaye hajazaliwa?"

Maulvi akamgeukia Mehrunnisa bila ukali. "Binti yangu, kaandike miaka sawasawa. Ya wazee wote, si ya bibi yako peke yake."

Prabhakar alikataa katakata: kazi imeshakabidhiwa. Alipoona machozi, akamruhusu kurekebisha jina moja tu, basi, na asimsumbue tena. Mehrunnisa akakubali, akarekebisha la bibi yake. Nani kati yetu, mwenye bibi kitandani, angekataa?

Jioni ile Khairunnisa alikaa mwenyewe, akamwita mjukuu kwa jina, akalalamika kwamba haleem, uji wa ngano na nyama, haina chumvi. Mehrunnisa alisujudu akilia.

Siku ya kusafishwa damu akampeleka hospitali. Kwenye ngazi, vilio vya watoto wachanga viliwapokea, vingi mno, vikipandiana. Muuguzi alikuwa amesimama nje ya wodi ya wazee, mkono kwenye kitasa, hathubutu kufungua.

"Dada," alinong'ona, "wodi ya wazazi si ghorofa ya chini?"