Kiazi cha Jenerali von Rastow

Simu ililia mara moja, ikanyamaza. Ikalia tena.

"Mjomba amefika," sauti ilisema. "Akiwa ndiye, mpe mzigo. Akiwa siye, mlete kwetu."

"Nimeelewa."

Lorenz Behnke alichomeka bastola yake ya Walther kwapani, bahasha kifuani. Ndani mlikuwa na majina kumi na moja, majasusi wa idara yake waliojificha Ujerumani Mashariki. Bahasha ikimfikia adui, wote wangenyongwa.

Aliwasha Mercedes, akashika njia ya Lüneburg. Oktoba 1955. Hakuwa na hofu. Hakuwa na kitu. Tangu vita viishe, moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Vitani alikuwa fundi redio wa Jenerali Ewald von Rastow. Jenerali aliamriwa kuchoma miji mitatu. Aliichoma miwili. Wa tatu akakataa. Amri zote tatu zilipitia masikioni mwa Lorenz.

Kisha Warusi wakamteka Jenerali. Miaka kumi kambini. Sasa alikuwa amerudi, uso umeungua nusu, na idara ilitaka kumkabidhi wale kumi na moja awaongoze.

Kama ni yeye.

Mke wa Jenerali, Bibi Adelheid, alifungua mlango wa nyumba yao.

"Umekonda, Behnke. Serikali haikulishi?"

"Inanilisha karatasi, Bibi."

Mezani aliketi mtu mwenye kovu.

"Behnke! Bado unakoroma?"

"Majirani wanasema hivyo, Jenerali."

Mtu yule alijua jina la farasi wa Jenerali. Alijua jeraha la goti. Alijua kila kitu.

Bibi Adelheid akapakua nyama, kabichi na viazi vya kuchemsha. Mtu yule akashika kisu, akakata kiazi chake vipande viwili.

Lorenz aliacha kutafuna.

Katika nyumba za makabaila wa Kijerumani kama hii, mtoto anayetia kisu kwenye kiazi hupigwa vidoleni. Kiazi huvunjwa kwa uma. Von Rastow alikivunja kwa uma hata handakini, makombora yakinyesha.

Lakini kambi hubadilisha mtu.

"Kule mlikuwa mnapewa visu, Jenerali?"

"Visu? Kijiko kimoja, miaka kumi."

"Basi kiazi umejifunzia wapi kukikata?"

Mkono wa mtu yule ulishuka chini ya meza.

Walther ilikuwa tayari juu ya kitambaa.

"Mikono juu ya meza, ndugu. Chakula kisimwagike."

Mikono ikapanda, mitupu. Bibi Adelheid aliendelea kula, macho kwenye sahani.

"Alikufa lini?" aliuliza.

"Februari," mtu yule alisema. "Nililala kitanda cha kando yake. Alikuwa akikutaja wewe."

"Usinidanganye."

Mtu yule alisita. "Alikuwa akimtaja farasi."

"Huyo ndiye Ewald."

Lorenz alimgeukia. "Ulijua, Bibi?"

"Tangu chakula cha kwanza, juzi." Alifuta midomo, akatazama bahasha iliyochungulia kotini mwa Lorenz. "Nilikuwa nimechoka kula peke yangu. Sikujua kuna bahasha."

Lorenz aliinua simu ya ukumbini, bastola ikiwa bado imeelekea mezani.

"Siye."

"Mzigo?"

"Ninao."

Dakika kumi baadaye wanaume wawili wa idara walimtoa mtu yule kwa mlango wa nyuma. Hakubisha. Aliomba tu koti lake.

"Kaa umalize, Behnke," Bibi Adelheid alisema. "Kinapoa."

"Asante, Bibi. Nina watu kumi na moja wa kuwatafutia jenerali mwingine."

Alivaa kofia, akashuka ngazi bila haraka.