Sentimita Moja na Nusu

Mguu wa mwalimu mmoja wa Tunduma ulitengenezwa kwa dakika kumi na moja, na hakuna binadamu aliyeugusa.

Mratibu ndiye aliyefanya yote. Alipokea vipimo kutoka kwenye mkeka-pima, zulia jembamba ambalo mteja hulikanyaga nyumbani kwake nalo likajua uzito wake, urefu wake na jinsi anavyotupa hatua. Akachagua malighafi boharini. Akaiamsha mashine-tabaka, inayojenga kitu kwa kulaza utando juu ya utando mpaka umbo litimie. Mguu ulipopoa, akaita ndege-mzigo, ikaubeba juu ya mabati ya Iyunga na kupotea upande wa magharibi. Wafanyakazi wa kiwanda walisimama wakitazama, mikono mifukoni kwa baridi ya Mbeya.

"Hivyo ndivyo itakavyokuwa kila siku," alisema Mhandisi Shamsa Mhando, mkufunzi aliyeletwa kutoka Tanga. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na sauti isiyopanda wala kushuka. "Zamani bohari ilikuwa na daftari lake, karakana nayo lake, mapokezi nayo lake. Mratibu ni akili moja inayoviunganisha vyote. Kazi yenu sasa ni kujifunza kuongea naye."

Tusajigwe Mwakyoma alisikiliza akiwa nyuma kabisa. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa moja: mteja akija kuvishwa mguu bandia, yeye ndiye aliyepiga magoti mbele yake, akakaza hapa na kulegeza pale, akamwambia, "Haya, nenda mpaka dirishani urudi." Wenzake walimwita Mama Tusa. Alijua nani anatembea upesi na nani anaona haya kutembea akitazamwa.

Mafunzo yalikuwa ya siku arobaini. Ambaye angepata chini ya alama themanini angepumzishwa. Neno hilo, kupumzishwa, lilisemwa kwa upole, lakini kila mtu alilielewa.

Kazi ya kwanza aliyopewa Mama Tusa ilikuwa kuhamisha kumbukumbu. Kiwanda kilikuwa na kadi elfu sita za wateja, na pembezoni mwa kila kadi kulikuwa na maneno ya mkono, mengi yakiwa mwandiko wake. *Huyu hupenda kamba ya ngozi, plastiki humwasha. Huyu analima mtelemkoni.* Mratibu alichukua vipimo kwa raha. Alipofika kwenye maneno ya pembezoni, kioo kilichokuwa mbele ya Mama Tusa kiliuliza: *Maelezo haya hayana nafasi. Yafutwe?*

Siku ya kwanza alijibu Hapana. Kioo kikamletea sababu saba achague moja, na hata moja haikufanana na alichotaka kusema. Alipokuwa bado anasoma, alama zake zikashuka ubaoni, pale ukutani ambapo majina yote yalionekana. Kila kusita kulikata alama mbili.

Alimfuata mkufunzi. "Mhandisi, samahani. Haya maneno madogo madogo niyaweke wapi?"

Shamsa alikuwa na watu wanane waliokuwa wakimngoja. "Mama, mfumo ukikuuliza unajua kwa nini unauliza. Wewe jibu tu."

Mtu mmoja alicheka kidogo. Mama Tusa akarudi kwenye kiti chake, na tangu hapo akawa anabonyeza Ndiyo. Alibonyeza Ndiyo mara mia, mara elfu. Jina lake likapanda ubaoni, akapigiwa makofi wakati wa chai. Siku ya kumi na tisa ikaja kadi ya Bibi Ngwitika, mfinyanzi wa Matema, ziwani. Pembezoni Mama Tusa alikuwa ameandika mwenyewe miaka mingi nyuma: *Anafinyanga akizunguka chungu kinyumenyume. Mguu wake uwe mfupi sentimita moja na nusu. Usimsawazishe.*

Kidole kikasimama hewani. Alimwona yule bibi waziwazi, na udongo mkavu kwenye kucha. Alitazama ubaoni: alama themanini na moja.

Akabonyeza Ndiyo.

Wiki tatu baadaye simu ilipigwa na mjukuu wa Bibi Ngwitika, binti aitwaye Subilaga. Bibi alikuwa ameletewa mguu mpya, mzuri, unaolingana kabisa na mwenzake. Alifurahi nao, akasimama mbele ya udongo kuanza kazi. Akiwa anarudi nyuma hatua ya pili, kisigino kikajikwaa ardhini, akaanguka na kuukalia mkono wa kulia. Kifundo cha mkono kilivunjika.

Mama Tusa aliiweka simu chini. Alikwenda hadi chumba cha mkufunzi, akafunga mlango.

"Nimemvunja mtu mkono," alisema.

Shamsa aliinua macho. Mama Tusa akamweleza yote bila kujitetea: kadi, maneno, kidole kilichosimama. "Nilijua. Kama nisingejua, ningelala. Lakini nilijua, nikaogopa alama."

Shamsa alipekua kumbukumbu za Mratibu, akauona ufutaji ule, saa na dakika. Kisha akafanya jambo ambalo Mama Tusa hakulitarajia. Alikigeuza kioo chake ili naye akione.

"Unaona hapa chini, Mama?" Palikuwa na neno moja dogo la kijivu: *Simama*. "Ukiligusa hili, Mratibu anaacha kila kitu na kukusikiliza. Unamweleza kwa mdomo wako, kwa urefu utakao, naye anahifadhi. Waliomuunda waliliweka kwa sababu walijua mashine haijui isichoambiwa."

"Hukutuonyesha."

"Sikuwaonyesha. Wanafunzi wakisimamisha mfumo mara nyingi, kampuni yangu inasema mkufunzi hajui kufundisha. Na mimi nina alama zangu." Sauti yake, ile isiyopanda wala kushuka, ilikwama. "Niliwafundisha kubonyeza. Ujuzi mliouhitaji ulikuwa kusema 'ngoja', na huo niliwanyima. Siku ile ulipokuja kuuliza, ndio ulikuwa unaanza kuujua."

Mama Tusa alimtazama. Aliona kwamba alikuwa mdogo sana, na kwamba chai yake ilikuwa imepoa mezani bila kuonjwa. "Basi, mwanangu," alisema. "Twende wote tukamwone."

Gari lisilo na dereva liliwapitisha Tukuyu, katikati ya mashamba ya chai, likateremka nao hadi joto la bonde likawapokea. Njiani Shamsa aliandika barua ya kukiri kosa lake kwa uongozi na kumsomea Mama Tusa kabla ya kuituma. Barua hiyo ilileta matata yake: kampuni ya Shamsa ilimnyima mkataba uliofuata, na kiwanda kilisimamisha Mratibu siku kumi na mbili ili wafanyakazi wazitoe upya kadi zile elfu sita kwenye maboksi na kuyarudisha maneno ya pembezoni. Ubao wa alama uling'olewa. Tangu hapo somo la siku ya kwanza likawa lile neno la kijivu, na Mama Tusa ndiye aliyelifundisha. Lakini siku ile hayo yote yalikuwa hayajulikani. Walikuwa wanawake wawili wanaokwenda kuomba radhi.

Bibi Ngwitika aliwapokea uani kwake, Matema. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa hogo la plasta mpaka kwenye kiwiko.

"Shikamoo, Mama," alisema Tusajigwe, akapiga magoti.

"Marahaba. Inuka, wewe si mvishaji wangu leo."

"Ni mimi niliyefuta maneno ya kadi yako."

"Na mimi ndiye niliyemfanya aogope kuyaacha," alisema Shamsa.

Bibi aliwatazama mmoja mmoja. "Daktari anasema mfupa utaunga. Lakini hivi vidole viwili havisikii tena udongo. Nikigusa, ni kama nagusa kwa nguo." Hakusema si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu.

Mama Tusa alilia kidogo, akajipangusa, kisha akafanya kazi aliyoijua. Aliutoa ule mguu mpya, akamvisha wa zamani, akamwomba bibi azunguke kinyumenyume huku yeye akitazama unyayo kwa karibu. Shamsa alishika kioo cha mkononi. Mama Tusa akagusa *Simama*, akaanza kueleza: urefu, udongo wa ua, jinsi kisigino kinavyojiburura. Alieleza kwa muda mrefu. Hakuna alama iliyoshuka.

Alipomaliza, Mratibu akauliza kwa sauti yake tulivu: "Nimeelewa namna. Sijaelewa sababu. Kwa nini anazunguka kinyumenyume?"

Miaka yote hiyo Mama Tusa hakuwahi kuuliza. Akamgeukia bibi.

Bibi Ngwitika alikitazama kile kioo kama mtu anayemtazama mgeni aliyeuliza swali la maana. "Mama yangu alinifundisha tukiwa wawili kwenye chungu kimoja," alisema. "Nilikuwa nimepoteza mguu mwaka ule, nikawa sitaki kusimama. Yeye alikwenda mbele, mimi nikarudi nyuma, ili nisiache kumwona usoni. Alipokufa, miguu haikukubali njia nyingine."

"Asante," alisema Mratibu. "Nimehifadhi."

Subilaga alileta bonge la udongo uliokwisha kukandwa na kuliweka katikati ya ua, kwa kuwa kulikuwa na oda ya chungu cha harusi na mikono ilihitajika. Bibi alimtazama Tusajigwe.

"Kunja mikono ya gauni."

"Mama, sijawahi kufinyanga."

"Nimekuuliza?"

Tusajigwe alikunja mikono, akaweka viganja juu ya udongo. Ulikuwa wa baridi na mzito kuliko alivyodhani. Bibi alisimama upande wa pili, akaweka mkono wake wa kushoto juu ya mkono wa mwenzake, akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, na Tusajigwe akamfuata akienda mbele, macho kwa macho.

"Taratibu," alisema bibi. "Usiukimbize. Ukiona unakwenda upande, sema tusimame."

Kwenye mzunguko wa tatu ukingo wa udongo ulianza kulala upande.

"Tusimame," alisema Tusajigwe.

Wakasimama.