Omba Kwanza

Mitandao ya WiFi ya ukumbi wa abiria ilikuwa sita, na mama mmoja wa pale stesheni aliifahamu kama alivyozifahamu sufuria zake. Miaka minne alikuwa amekaa kwenye dawati lililo mkabala na dirisha la tiketi, kazi yake kuwaonyesha wasafiri mtandao upi ni wa stesheni, upi ni wa mgahawa na upi umetegwa na wezi, na wakishaingia, wapi pa kuona ratiba na wapi pa kuulizia mzigo uliopotea. Walimwita Mama Mtandao.

Jumatatu moja asubuhi mzee mmoja alimnyooshea simu. Mama akaweka ya kwake kando ya ile ya mzee, amwonyeshe mtandao wa kuchagua.

"Binti yangu," mzee akasema, "mimi macho yangu mabovu, lakini kuhesabu sijasahau. Hapa kwangu ni sita. Kwako mbona saba?"

Wa saba uliitwa Omba Kwanza, na nguvu yake ilikuwa imejaa pomoni.

Jina hilo alilibuni binti wa Mama Mtandao, mtoto wake wa pekee, alipochoka kuibiwa bando na wazazi wake. Simu iliyokuwa ikiurusha mtandao huo ilikuwa nyumbani kabatini, imeviringishwa kwenye mtandio, haina chaji tangu mwenyewe azikwe, miezi kumi na mmoja iliyopita.

Na la kufanya alilijua. Kila siku aliwaeleza watu kwamba simu huita majina ya mitandao iliyowahi kuingia, huita tu mfululizo hata ikiwa mfukoni, na tapeli akilisikia jina huitikia, "Ni mimi." Usijiunge kabla hujauliza. Usibonyeze Nakubali kabla hujasoma masharti. Lakini mganga hajigangi. Alibonyeza Nakubali bila kusoma hata mstari mmoja.

Ukurasa mweupe ukafunguka. Chagua huduma: Kusikia. Kunusa. Kuguswa. Akagusa ya kwanza, akaiweka simu sikioni.

"Mama, si nimeandika omba kwanza?" ikasema sauti, kisha ikacheka kile kicheko cha kukatikakatika kama kwikwi.

Mama akainamia droo kana kwamba anatafuta kalamu, akalia mpaka mzee akajiondokea zake taratibu.

Tangu siku hiyo mtandao ulimfuata hadi nyumbani. Asubuhi alisikia, jioni alinusa: harufu ya rangi ya kucha ilijaa korido yote, mbichi, kana kwamba binti kakaa chumbani anapuliza vidole vikauke. Mumewe, fundi cherehani aliyeshonea pale pale sebuleni, hakuuliza harufu inatoka wapi. Kila mkewe alipoingia, cherehani ilikuwa kimya na kipande cha kitambaa kimefunika kitu mezani.

Kulikuwa na jingine, nalo hakulitilia maanani. Miaka kumi na tisa mume huyu alikuwa hamwiti mkewe ila kwa jina la mtoto, Mama Fulani, kama wazazi wote wanavyoitana. Baada ya mazishi majirani walimwonea huruma wakaliacha jina hilo, lakini yeye aliendelea nalo, akilitamka polepole, kwa makusudi. Siku hizi alisema tu, "Sikiliza," au, "Wewe, chakula tayari."

Jumamosi alasiri, mumewe akiwa amekwenda kupeleka nguo za mteja, mama alichagua Kuguswa, akaketi chini mbele ya kochi kama walivyozoea, na vidole vikaja kweli, vya baridi, vikaanza kumgawa nywele mstari kwa mstari kama binti alivyomsuka kila mwisho wa juma, naye akafumba macho akamshukuru Mungu, mpaka alipojikuta anavihesabu bila kukusudia, kimoja sikioni, viwili kisogoni, vitano utosini, na vingine bado vinakuja, vikapita kumi, vikapita kumi na tano, na kila kilichovuta unywele kilivuta na kitu kingine kutoka ndani, siku ya kwanza ya shule, wiki ile ya surua, wimbo wa kuogea, vikitoka kimoja kimoja kama uzi unaofumuliwa, na huyo mfumuaji alikuwa akihema nyuma ya shingo yake pumzi ya rangi ya kucha na, chini ya rangi ya kucha, udongo mbichi.

Akaitupa simu. Ilipotulia sakafuni, alisoma ile mistari midogo ya masharti kwa mara ya kwanza: Kila utakachopewa kitatoka kwako.

Akajaribu kuikumbuka sauti ya mwanawe, bila simu, yeye mwenyewe. Haikuwepo. Kicheko hakikuwepo. Alitazama picha ukutani, akaona msichana mzuri.

Mganga aliyeletwa Jumapili alikuwa bibi kizee mwenye mkoba wa ngozi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alizunguka vyumba vyote akinusa, kisha akaketi.

"Jini haendi kwa asiyemwita," alisema kwa sauti ya chini. "Humu nani anamwita?"

"Simu yangu, bibi," mama akanong'ona.

"Moja tu? Mimi nasikia mbili."

Mume aliangalia miguu yake. Akafunua kile kitambaa mezani, akaitoa simu.

"Nilidhani ni mimi peke yangu," akasema. "Nilikuwa namsikiliza ukishaondoka kwenda kazini. Niliogopa utaniona nimerukwa na akili."

"Lifuteni hilo jina, kwenye simu zote mbili," bibi akasema. "Zisiite tena."

"Nikilifuta, bibi," mama akauliza, "mimi nitabaki na nini?"

"Hicho kidogo ambacho bado hakijaliwa. Futa, mwanangu."

Walifuta pamoja, bega kwa bega. Mlango wa korido ukajifungua, ukajifunga. Harufu ikatoka. Nyumba ikawa tupu, tupu kuliko siku ile waliporudi kutoka makaburini.

"Sasa muageni," bibi akasema. "Mwiteni kwa jina lake mara moja tu, asikie ni nyinyi mnaofunga mlango."

Mama akafungua kinywa. Akamgeukia mumewe. Naye alikuwa kinywa wazi, anamtazama yeye.

Walikitoa cheti cha kuzaliwa kwenye bahasha, wakakisoma kwa sauti, herufi kwa herufi. Jina lilisomeka vizuri, kama jina la mtoto wa watu. Walipoinua macho tu, likawa limekwenda. Wakasoma tena. Likaenda tena.

Bibi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo yake.

Mama akaanza kulia bila sauti. Mumewe akamshika mkono, akauweka kifuani pake.

"Usilie," akamwambia. "Basi, usilie, Mama..."

Akangoja jina lije.

"Mama..." akasema tena.