Nguzo Iliyonukia Waridi

Aliyeisimulia habari hii mara ya kwanza ni Changawa, kaka yake Nyevu, nyumbani kwao Utange, katika matanga ya mama yao, mwezi wa Aprili mwaka 2023. Shangazi mmoja alikuwa ameuliza, kwa sauti ya makusudi, kwa nini binti wa marehemu hakai mkekani pamoja na wanawake wenziwe. Changawa akaweka kikombe chini, akaeleza yote, na tangu siku hiyo hajairudia. Mengine aliyaona kwa macho yake. Mengine aliambiwa na Nyevu, zile siku ambazo Nyevu bado aliweza kueleza.

Ilianza kwa harufu.

Nyevu alikuwa na chumba cha mazoezi Miritini, ghorofani, juu ya duka la magurudumu ya malori. Katikati ya chumba ilisimama nguzo moja ya chuma king'aacho, kutoka sakafuni hadi darini, nyembamba ya kuenea kiganjani. Hapo wanawake walijifunza kupanda, kujizungusha na kuning'inia kichwa chini, wengine kwa afya, wengine kwa kushindana. Nguzo ina sharti lake: haitaki mafuta. Aliyejipaka losheni asubuhi hapandi siku hiyo, maana atateleza avunjike shingo. Kila mmoja akishuka, chuma hupanguswa kwa kitambaa kilicholowa spiriti, ndipo mwingine ashike. Kwa hivyo asubuhi ile Nyevu alipoikaribia akasikia waridi, harufu nzito ya marashi ya waridi, kilichomjia kwanza kilikuwa hasira. Woga ulikuja baadaye.

"Sabah, nani kaja hapa na marashi?"

Sabah, aliyekuwa msaidizi wake, alikuwa dirishani anakunja mikeka. "Mimi sisikii kitu."

"Njoo unuse."

"Nimekwambia sisikii, dada. Labda ni ya dukani hapo chini."

"Dukani kwanuka mpira."

Sabah akacheka. Lakini hakusogea.

Nyevu alipangusa, akapangusa tena, na harufu ikabaki pale pale. Akapanda kujaribu, akitazamia kuteleza. Hakuteleza. Wapandaji wanajua jinsi chuma kinavyoshika ngozi: huuma kidogo, na ukilegeza huachilia papo hapo. Siku ile Nyevu alilegeza paja, na chuma hakikumwachilia. Kilimkawiza kitambo, kama mtu anayeendelea kukushika mkono baada ya salamu kwisha.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Kanisani kwao walimwita mcheza uchi. Changawa, ambaye ni shemasi, alikuwa amekuja chumbani mara moja tu, akasimama mlangoni kana kwamba sakafu ina miba.

"Unavaa kaptura ya mtoto, Nyevu, unakumbatia bomba."

"Nguo huteleza, kaka. Ngozi ndiyo ishikayo. Na hapa ni wanawake watupu. Ungepanda wewe, hilo tumbo lingekwisha."

"Usinichezee."

"Sikuchezei. Hii ni kazi yangu."

Tangu hapo walikuwa hawasemezani. Nyevu alikuwa amekulia katika sarakasi, akirukaruka kwa watalii kwenye mahoteli tangu usichana wake. Hakuwa na shamba wala mume. Alichokuwa nacho duniani ni mwili wake, mwili uliomtii, na alijivunia utiifu huo kuliko kitu chochote.

Aliyekuwa naye ni Sabah. Sabah alitoka Timbwani, mjukuu wa Bi Dhahabu, nyumba ya watu wa kale. Alikuja na buibui lake, akalivua mlangoni, na kabla ya mwaka kwisha akawa anafundisha. Siku moja akiwa juu kabisa, kichwa chini, mguu wake ulimponyoka. Nyevu hakufikiri. Alijitupa chini yake akampokea kwa kifua, na mfupa wa bega lake ukavunjika. Sabah hakupata hata mchubuko.

"Umenizaa upya," Sabah alimwambia, akilia, huku akimlisha uji. "Wewe si rafiki tena. Nataka tuchanjiane."

Mambo ya kuchanjiana hayafanywi sana siku hizi, lakini Mgiriama anayajua na Mswahili anayajua. Wawili huchanjwa chale ndogo, damu ya huyu ikapakwa kwenye kipande cha ini la kuchoma akala yule, na ya yule akala huyu, wakawa ndugu kama waliotoka tumbo moja. Na desturi ina ulinzi wake: kila mmoja huja na mtu wa kwao wa kumsimamia. Kazi ya msimamizi ni kuuliza. Undugu huu una nini ndani yake? Nyumba hiyo ina magonjwa gani, ina laana gani, ina siri gani? Asiporidhika, hukataa kwa niaba ya ndugu yake, na ini hupewa paka.

Nyevu alikwenda Timbwani peke yake. Wa kumsimamia alikuwa Changawa, na kumwendea Changawa ilikuwa ni kukubali kushindwa.

"Huna mtu wako, mwanangu?" Bi Dhahabu alimuuliza. Alikuwa mgonjwa, ameegemezwa kwenye mito.

"Sabah ndiye mtu wangu, bibi."

Bi Dhahabu alimtazama mjukuu wake kwa muda. Kisha akasema, "Haya. Vya nyumba hii ni vyako, vya kuonekana na visivyoonekana. Umeridhika?"

"Nimeridhika."

Sabah alijifunika uso kwa mtandio akalia. Nyevu alidhani ni furaha.

Harufu ile ya waridi ilikuja siku chache baada ya ini lile.

Baada ya harufu ikaja sauti. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, saa ambayo wazee wa pwani hawapitishi mtoto chini ya miti mikubwa. Wanafunzi wameondoka, Sabah kaenda kupimwa nguo za harusi, maana alikuwa ameposwa na kijana mmoja aitwaye Najib. Nyevu alikuwa ameketi sakafuni anakula wali wake. Akasikia kikuku kinagonga chuma. Ti, ti. Hakuna apandaye na kikuku, ni marufuku. Aliinua macho, na kwenye nguzo tupu, juu karibu na dari, akaona alama ya kiganja, nyeupe, ya chaki wanayojipaka mikononi kukausha jasho, kisha alama nyingine chini yake, na nyingine chini ya hiyo, zikijichapa moja moja bila mkono wa kuzichapa, zikishuka taratibu kama anavyoshuka mwanamke mzito asiye na haraka, na kila kiganja kilipotua kikuku kililia, na harufu ya waridi ikazidi mpaka wali ukamgeuka kinywani ukawa kama unga wa manukato, naye akataka kuinuka lakini miguu yake, miguu iliyomtii tangu utoto, ilikaa pale pale ilipokuwa, imetulia, kama miguu inayomngoja mwenyewe afike.

Alipozinduka alikuwa darini. Chini yake walikuwa wanafunzi wa jioni, wameshikana mikono ukutani. Alishuka. Walikimbia wote isipokuwa mmoja, Ruth.

"Mwalimu," Ruth alinong'ona, "ulikuwa hujashika."

"Sijashika nini?"

"Nguzo. Mikono ilikuwa kifuani, miguu umeikunja kama mtu aliyekaa kitako barazani. Ukatusalimu. Ukasema masalkheri, mwajionaje. Si sauti yako, mwalimu. Ni ya mtu mzima sana."

Usiku huo Nyevu alimpigia Sabah simu. "Ndugu yangu, kuna kitu kiniingiacho. Njoo ukae nami."

Sabah akashusha sauti. "Mambo ya harusi yamenibana, dada. Omba, ile sala yenu. Na usimwambie mtu. Watu wabaya."

"Waniogopa?"

"Nakuogopea."

Mwezi ule mwili ulianza kuwa wa zamu. Aliamka na ulimi ukitaka kahawa tungu, yeye asiyekunywa kahawa. Mkono wake ulisukuma sahani ya dagaa kabla hajaamua. Mashindano ya taifa yalikuwa karibu, na alikuwa na nafasi; lakini akisimama mbele ya nguzo alijikuta akisubiri ruhusa. Na ruhusa ilipotolewa, alipanda kwa ufundi ambao hakuwahi kujifunza, akijitazama kwa ndani kama mgeni achunguliaye dirishani mwa nyumba yake mwenyewe wakati watu wengine wamekaa mezani.

Ruth ndiye aliyemwendea Changawa. Changawa alikuja Miritini na gari la kuazima, hakusema neno juu ya kaptura, akamvika dada yake leso akamleta Utange. Mchungaji aliomba juu yake. Nyevu akacheka kwa adabu, akamwambia mchungaji avute kiti. Basi shemasi Changawa akafanya alichokuwa akihubiri dhidi yake miaka yote: alimpeleka kwa Bi Ummi.

Bi Ummi alikuwa mama wa Kisauni, muuza viazi karai asubuhi, na mchana fundi wa pepo. Hakuwa na mbwembwe. Alimkalisha Nyevu, akamfunika kaniki, akatia udi na ubani kwenye chetezo, akasoma alichosoma. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu abishaye hodi kwa jirani:

"Ni nani mwenzangu?"

Ile sauti ya mtu mzima ikajibu kutoka ndani ya kaniki. "Ni mimi, ruhani wa nyumba ya Dhahabu. Nimekaa kwa mamake, nimekaa kwa Dhahabu. Kila kizazi hunipa kiti, mtoto wa kike wa nyumba. Zamu ilikuwa ya Sabah."

"Na huyu?"

"Sabah aolewa. Wakwe hawataki mke mwenye ruhani. Nikapewa nduguye."

Changawa akashindwa kujizuia. "Huyu si wa nyumba ile! Huyu ni dada yangu mimi!"

"Alikula ini. Aliulizwa, akaridhika." Sauti ikatulia, ikawa karibu na upole. "Ulikuwa wapi wewe, wa kumkatalia? Nami nimemridhia. Viti vyangu vyote vilikuwa vya kukaa tu. Hiki chapanda."

Nyevu alipofunuliwa alikuwa ameyasikia yote. Hakuuliza habari za jini. Aliuliza, "Sabah alijua?"

Changawa aliyatazama makaa.

"Nilivunjika bega," Nyevu akasema. "Akaniambia nimemzaa."

Bi Ummi akasema njia ipo, ni moja. Aliyemwingiza ndiye amtoe. Sabah aje, aulizwe mbele ya chetezo huyu ni nani kwako, aseme kwa kinywa chake: si ndugu yangu. Undugu ukishakanwa, Nyevu si mtoto wa nyumba, na ruhani atarudi kwa wenyewe. Hakuna kuchinja, hakuna safari. Maneno matatu tu.

Changawa akavuka feri ya Likoni kwenda Timbwani, akamsihi Sabah mbele ya mlango wao mpaka akakubali. Alikuja kwa Bi Ummi mchana wa siku ya pili yake, peke yake, mikono imejaa hina hadi kwenye viwiko, maana harusi ilikuwa wiki hiyo. Akaketi mkabala na Nyevu, akawa hawezi kumtazama.

"Sabah," Nyevu alinong'ona upesi, kwa sauti yake mwenyewe, akiwahi kabla haijapokonywa. "Sikuulizi kwa nini. Najib hatajua, watu wa kwetu hawatasema. Sema tu. Nirudishie mwili wangu."

"Nilikuchagua kwa kuwa una nguvu," Sabah akasema, machozi yakimtiririka. "Mimi ningekufa nayo zamu hii, dada. Nilimwona bibi yangu. Miaka na miaka nimemwona. Wewe waweza kuibeba."

"Siwezi."

"Waweza. Wewe uliweza kunibeba mimi."

"Basi, yatosha," Bi Ummi akawakatiza. Akatia udi. Moshi ulipanda wima, kisha ukainama, ukamwelekea Sabah, ukamzunguka shingoni polepole kama mtu ajaribuye mkufu dukani, na waridi likajaa chumba, na kikuku kisichokuwa cha mtu kikalia karibu na sikio lake, na Changawa, aliyekuwa mlangoni, aliona miguu ya dada yake ikilegea na uso wake ukirudi kuwa uso aliokuwa nao akiwa msichana, mwepesi, wa kwake peke yake, kana kwamba kile kitu kilikuwa tayari kimesimama kizingitini na kilingoja neno tu ili kivuke.

"Sabah binti Mbwana," Bi Ummi akauliza, "huyu ni nani kwako?"

Sabah aliutazama moshi. Aliitazama hina yake. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, akaushika mkono wa Nyevu, akaubusu.

"Ni ndugu yangu," akasema. "Ni ndugu yangu wa damu, wallahi, na sitamkana kamwe."

Moshi ukaondoka shingoni mwake. Bi Ummi akafunika chetezo. Na kinywa cha Nyevu kikafunguka, kikasema, kwa furaha ya mtu mzima sana, "Ahsante, mwanangu."

Bi Dhahabu alifariki kabla ya harusi kutimiza mwezi. Wanasema alikufa amelala, mwepesi. Mama yao Nyevu naye ametangulia. Bi Ummi yu hai, na bado anakaanga viazi, ila pepo hapungi tena. Ruth yu hai; amekwenda kuishi kwa mwanawe Malindi. Sabah yu hai, ana mume na binti wawili, na kila Idi hutuma sahani ya halua Utange, ambayo Changawa huipokea mlangoni na hathubutu kuitupa. Nyevu yu hai. Ukimwita, huitika, na siku nyingine sauti huwa ni yake.