Makopo Mbele ya Daraja

Mama Pacha alikuwa barazani, anashona sare za shule. Mumewe, Baba Pacha, dereva wa lori, alikuwa na kawaida ya kuita kutoka kwenye kona: "Wenye nyumba, mgeni huyo!" Watoto wao pacha walikuwa wakikimbia kumpokea. Siku hiyo hakuita. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akatoa barua mfukoni.

"Soma mwenyewe," alisema.

Barua ilitoka kwa bosi. Ilisema dereva amekwaruza kontena chini ya daraja la reli kwa uzembe. Akigusa daraja mara moja tena, kazi hana.

"Ulikuwa unakimbia?" mkewe aliuliza.

"Nilitambaa kama konokono! Sikiliza, Mama Pacha. Asubuhi nimepita hapo kontena limejaa saruji. Sikugusa kitu. Nimeshusha mzigo, nimerudi na kontena lile lile, tupu. Mara nikasikia krrrr juu ya kichwa. Miaka kumi na mmoja napita hapo! Daraja limeanza kunichukia lini?"

"Halikuchukii," ilisema sauti ng'ambo ya ua. "Umerefuka tu."

Alikuwa jirani yao, fundi wa springi za malori. Watu walimwita Mkwaruzo. Zamani naye alikuwa dereva. Aligonga daraja hilo hilo, akafukuzwa, na jina likabaki. Aliingia huku anafuta grisi mikononi.

"Shemeji," alimwambia Mama Pacha, "mumeo akiamka asubuhi, godoro linafanyaje?"

"Linainuka. Na shuka anaacha chini."

"Ya shuka ni yenu wawili. Springi za lori ni kama hilo godoro. Mzigo ukiwa juu, springi zinabonyea, lori linakaa chini. Ukishusha mzigo, lori linainuka. Lako linainuka vidole vinne hivi."

Dereva alitikisa kichwa. "Lakini siku zote narudi mtupu. Mbona sikugusa?"

"Juzi walifanya nini pale?"

"Walitia lami mpya."

"Ya zamani waliikwangua?"

"Hapana. Walimwaga juu yake."

"Basi barabara imepanda. Daraja liko pale pale."

"Kibao cha daraja kinasema mita nne na nusu!"

"Kibao!" Mkwaruzo alitupa kitambaa chake chini. "Kibao hicho kiliwekwa kabla sijaoa. Tangu hapo wametandika lami mara tatu. Nani alipanda ngazi kubadilisha namba? Hakuna. Lori likigonga, wanakuja wenye kalamu, wanaandika: uzembe wa dereva. Kabla yangu kulikuwa na lori la vitanda, la magogo, na la chupa. Mimi nilikuwa wa nne. Wewe ni wa tisa. Nawakumbuka wote. Wao wanakumbuka uzembe tu."

Mama Pacha alisimamisha cherehani. "Mteja akiniambia kipimo chake, mimi sikati kitambaa. Napima kwanza. Nyinyi mnapitisha lori zima kwa namba ya kuambiwa?"

"Jumapili tukapime," Mkwaruzo alisema, akaokota kitambaa chake.

Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache, walikwenda darajani watatu. Mkwaruzo alisimama barabarani na kitambaa chekundu kuonya magari. Dereva alisimamisha mti mrefu chini ya chuma cha daraja. Mama Pacha alitia alama kwa chaki yake ya kushonea. Walipima kushoto, katikati na kulia. Kisha waliulaza mti kando ya barabara, Mama Pacha akaupima kwa tepu yake, kipande kwa kipande.

Mahali pa chini kabisa palikuwa mita nne na sentimita thelathini na tano.

Baadaye walipima lori kwenye yadi. Likiwa na mzigo, mita nne na thelathini. Likiwa tupu, mita nne na thelathini na saba.

Dereva alizitoa namba hizo, moja kwenye nyingine. "Kwa hiyo hata asubuhi ile nilipopita na mzigo..."

"Ulipona kwa sentimita tano," Mkwaruzo alisema. "Acha nafasi ya shubiri nzima, au usipite. Andika urefu wa lori ubandike mbele ya usukani. Ukibadilisha kontena au matairi, pima upya. Njia mpya, waulize madereva walioipita juzi. Usiiulize simu. Simu inadhani unaendesha gari dogo. Uliza nyaya zilizolegea, uliza kalvati bovu linalopitisha maji chini ya barabara."

"Na nikishafika darajani nikatia shaka?"

"Simama. Washa taa za dharura, weka pembetatu nyuma. Tafuta mtu wa kukuongoza kurudi nyuma, au mwite askari wa barabarani. Wakipiga honi, waache wapige. Honi haijang'oa paa la mtu."

Jumatatu dereva alimpelekea bosi ule mti. "Umesoma kibao?" bosi aliuliza kwa ukali. "Kibao nimesoma, bosi. Na daraja nimepima." Bosi alikwenda mwenyewe darajani, akausimamisha mti kwa mikono yake. Hakuomba radhi. Lakini aliichukua tena ile barua kwa dereva, akaitia mfukoni mwake, na akaamuru malori yote yapite njia ndefu ya mtoni.

Madereva kumi na wanne waliupeleka mti kwenye ofisi ya barabara. Karani alifungua jalada. "Jalada linasema mita nne na nusu," alisema.

"Jalada halipiti chini ya daraja," Mkwaruzo alimjibu.

Waliambiwa wasubiri. Walisubiri, lakini hawakukaa bure. Waliomba ruhusa kwa askari wa barabarani. Kisha walisimamisha nguzo mbili kabla ya kila upande wa daraja, wakafunga waya, wakaning'iniza makopo matupu ya rangi. Mama Pacha ndiye aliyekata kamba zake, zote sawasawa. Paa likigusa makopo, lori ni refu mno.

Kila wiki madereva wawili walirudi kwa karani na mti wao. Baada ya miezi mitatu, kibao kipya chenye kipimo sahihi kiliwekwa. Makopo hawakuyaondoa. Lami ya nne itakuja siku moja.

Alasiri moja Mkwaruzo alikuwa chini ya lori kwenye gereji yake karibu na daraja, nyundo mkononi, aliposikia makopo yanalia. Alitoka mbio. Baba Pacha, aliyekuwa akingoja springi zake, alimfuata.

Lori geni lilikuwa limesimama mbele ya daraja, taa zinawaka. Dereva wake, mwanamke mwenye kofia, alishuka akitazama juu. Makopo yalikuwa bado yanabembea juu ya kontena lake.

"Ningelipasua kontena!" alisema, jasho linamtoka. "Ni nani aliyeweka vitu hivi?"

"Wa nne na wa tisa," Mkwaruzo alijibu.

Mwanamke hakuelewa. Baba Pacha alikuwa ameshakwenda nyuma ya lori, ameinua mkono. "Njoo dada, rudi taratibu. Njoo... njoo..."

Mkwaruzo alilitazama daraja. Waliogonga bado ni tisa.